Kabla hujanunua katoni ya maji, lijue bomba lako

Geuza chupa ya maji ya dukani Dar es Salaam usome lebo. Nyingi zimeandikwa maji ya kunywa, si maji asilia ya madini. Viwango vya Afrika Mashariki vinayatenganisha kabisa: EAS 13 ni ya maji asilia ya madini, EAS 153 ni ya maji ya kunywa yaliyofungashwa, na EAS 12 ni ya maji ya kunywa ya kawaida, yakiwemo ya bombani. Maji asilia ya madini lazima yatoke kwenye chanzo maalumu cha chini ya ardhi, madini yake yasiyumbe, yajazwe hapo hapo chanzoni, na yasitiwe dawa ya kuua vijidudu. Yale mengine huwa ni maji ya kisima au ya mamlaka ya maji yaliyopitishwa kwenye vichujio, mara nyingi kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba), halafu yakapigwa mwanga wa UV au ozoni. Mtambo huo unaondoa uchafu na vijidudu, na unaondoa madini pia.

Kwa hiyo anayenunua chupa kwa ajili ya madini, kwa kawaida hapati alichokifuata. Na hata akipata, hesabu haimlipi. Glasi moja ya maziwa ina kalsiamu kama miligramu 300. Maji yenye kalsiamu miligramu 50 kwa lita, ambayo kwa maji ni kiasi kizuri, itakubidi unywe lita 6 uifikie glasi hiyo. Madini yatafute kwenye maziwa, dagaa na mboga za majani.

Kinachobaki ni swali la usalama na ladha, na hapo jibu halimo kwenye chupa. Limo kwenye bomba lako, na hasa kwenye kile kilicho kati ya bomba na glasi. Jua kwanza maji yako yana kasoro gani, kisha lipia dawa ya kasoro hiyo peke yake.

Bei, kwa lita moja

Weka bei za mtaani kwako. Hizi ni za mfano tu, za kuonyesha namna ya kupiga hesabu.

Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukilipa shilingi 2,000 kwa uniti, lita moja ni shilingi 2. Kuchemsha ndiko kunakogharimu. Lita moja ya maji ya kawaida ya Pwani inahitaji takriban uniti 0.1 ya umeme kwenye birika la umeme; ukiwa na Luku ya kawaida ambayo shilingi 10,000 inakupa kama uniti 28, hiyo ni kama shilingi 36. Kwa jiko la gesi utachoma gramu 14 hadi 20 kwa lita, ukifunika sufuria. Mtungi wa kilo 15 ukiwa shilingi 55,000, hiyo ni shilingi 50 hadi 75. Mkaa unakula gramu 50 hadi 100 kwa lita, na zaidi ukiliwasha jiko kwa ajili ya maji peke yake.

Chupa ya lita 1.5 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 667 kwa lita. Dumu la lita 18.9 la kubadilisha kwa shilingi 5,000 ni kama 265.

Familia ya watu watano inayokunywa lita 10 kwa siku inahitaji lita 3,650 kwa mwaka. Kwa chupa za lita 1.5 ni zaidi ya shilingi milioni 2.4. Kwa madumu ni kama 966,000. Kwa maji ya bomba yaliyochemshwa kwa umeme ni kama 140,000. Kwa kutibu na dawa ya klorini ni chini ya hapo sana. Tofauti ya milioni mbili inalipia ndoo nzuri yenye koki, kusafishwa kwa simtanki, na kipimo cha maabara, na chenji inabaki.

Maji yako yanatoka wapi hasa

Watu husema "maji ya bomba" wakimaanisha chochote kinachotoka ukifungua koki. Nyumba nyingi za Dar zina vyanzo viwili au vitatu vinavyoingia kwenye simtanki moja: laini ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar), kisima cha mwenye nyumba, na boza siku ya shida. Ukinywa kutoka koki ya jikoni unakunywa mchanganyiko huo. Fuata mabomba kwa macho hadi ujue ni lipi linajaza tangi, na kama kuna koki iliyo kabla ya tangi, ambayo iko moja kwa moja kwenye laini ya mtaa. Mara nyingi ipo, nje karibu na mita. Hiyo ndiyo ya kukingia maji ya kunywa.

Maji ya DAWASA kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Pale mtamboni yanatulizwa tope, yanachujwa na kutiwa klorini. Yakitoka hapo yako sawa. Yanaharibika njiani, na mkosaji mkubwa ni mgao. Bomba likiwa limejaa na lina presha, kwenye nyufa maji yanatoka nje. Presha ikikatika, bomba linavuta ndani kila kilichopo kwenye udongo unaolizunguka, hata kama ni maji ya mtaro au ya choo cha shimo kilicho jirani. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu huo mpaka kwako. Maji ya mwanzo baada ya mgao kwa hiyo si ya kunywa hata yakionekana meupe. Yaache yatiririke dakika tano au zaidi kwenye ndoo za kudekia na kufulia, mpaka yawe angavu na yaanze kunuka klorini kidogo, ndipo ukinge ya kunywa. Na hayo nayo yatibu.

Harufu ya klorini, kwa taarifa, inakwambia dawa bado ipo kazini. Wengi huikimbia na kwenda kununua maji ya boza yasiyonuka kitu, ambayo hayana kinga yoyote.

Kupima nyumbani, bila maabara

Kinga glasi angavu, iweke mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa mchana.

Yakiwa meupe kama maziwa halafu yakasafika kuanzia chini kwenda juu ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni hewa tu. Yakiwa ya kahawia mwanzoni kisha yakasafika ukiyaacha yatiririke, ni kutu na tope la bomba. Yakitoka angavu lakini baada ya saa kadhaa yakageuka manjano au mekundu na kuweka mashapo chini, yana madini ya chuma, na karibu kila mara hayo ni ya kisima. Maji ya namna hiyo hufanya chai iwe nyeusi kama wino na kuacha madoa kwenye nguo nyeupe. Hayaleti ugonjwa kwa kiasi cha kawaida, ila yanachukiza.

Harufu ya yai viza inatoka kwenye kisima au kwenye tangi lililokaa muda mrefu. Harufu ya udongo au ukungu mara nyingi ni mwani, nenda kaangalie simtanki. Harufu ya choo ni jambo jingine: acha kuyatumia hata kwa kuoshea vyombo, na piga simu mamlaka ya maji siku hiyo hiyo.

Chumvi ipime kwa ulimi au kwa kile kipimo kidogo cha kalamu kinachoonyesha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Chini ya miligramu 600 kwa lita ladha ni nzuri, ikipita 1,000 watu wengi hawayataki. Visima vya karibu na bahari huvuka hapo kwa urahisi, kwa sababu vikivutwa sana maji ya bahari yanaingia chini kwa chini. Ila kalamu hiyo inadanganya watu vibaya. Inapima vitu vilivyoyeyuka, haioni kijidudu hata kimoja. Maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kusoma 80 na muuzaji wa mashine akakuonyesha kwa furaha.

Kipimo chenye manufaa kuliko vyote ni kile cha klorini, karatasi au matone ya kuchanganya, kama wanavyotumia watu wa mabwawa ya kuogelea. Pima sehemu mbili: koki ya kwenye mita, na koki ya jikoni baada ya tangi. Ukikuta kwenye mita kuna miligramu 0.2 kwa lita au zaidi, na jikoni ni sifuri, huna tatizo na mamlaka ya maji. Una tatizo na simtanki lako. Ukikuta sifuri pote, chukulia kwamba maji hayana kinga na yatibu bila mjadala.

Lini uende maabara

Kama unatumia kisima, nenda. Kama una mtoto anayenyweshwa maziwa ya kopo kwa maji hayo, nenda. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zinapokea sampuli za watu binafsi. Waulize kwanza, wakupe chupa yao iliyotakaswa, na kama maji yako yana klorini wakupe ile iliyowekwa dawa ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa na jibu litakuja zuri kuliko hali halisi.

Kuchukua sampuli: futa mdomo wa koki kwa spiriti au uunguze kwa moto kama ni ya chuma, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, fungua chupa bila kugusa ndani ya mfuniko, jaza ukiacha nafasi kidogo juu, funga. Weka kwenye boksi la barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Sampuli iliyoshinda kwenye buti la gari juani haina maana, umelipia bure.

Omba vipimo hivi: E. coli, bakteria wa kinyesi (jibu linalokubalika ni sifuri kwa mililita 100), utusitusi wa maji, yaani kiasi cha tope lililomo (chini ya 5 kwa kipimo cha NTU), TDS, naitreti (isizidi miligramu 50 kwa lita), floridi (isizidi 1.5) na chuma. Naitreti juu ya hapo kwenye kisima kifupi cha mjini mara nyingi inatoka vyooni. Ni hatari hasa kwa mtoto mchanga, kwa sababu inazuia damu yake kubeba oksijeni, na kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza.

Kuchemsha, na mahali watu wanapokosea

Chuja kwanza, chemsha baadaye. Maji yakiwa na tope yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu taratibu, yapitishe kwenye kanga safi iliyokunjwa mara nne. Kisha yachemshe mpaka yatokote kweli, mapovu makubwa yasiyokoma hata ukikoroga. Dakika moja inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama Kitulo au Eldoret, fanya dakika tatu, kwa sababu huko maji yanachemka kabla hayajapata moto wa nyuzi 100. Zile dakika kumi au kumi na tano ambazo watu huzisisitiza hazikuongezei kitu, zinamaliza gesi.

Maji yaliyochemshwa hayana kinga, na karibu makosa yote yanatokea baada ya moto kuzimwa. Kosa la kwanza ni kuyachuja tena kwa kitambaa cha jikoni ili kuondoa vile vyeupe vinavyoelea. Vyeupe hivyo ni chokaa, havina madhara; kitambaa ndicho kilichojaa vijidudu. La pili ni kuyapoza kwenye sufuria wazi. La tatu, na ndilo kubwa, ni kuchota kwa kikombe kwa kuzamisha mkono. Yapoze humo humo yalimochemkia, mfuniko ukiwa juu, kisha yamimine kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, au kwenye dumu la mdomo mwembamba. Ndoo hiyo ioshwe kwa sabuni kila wiki na koki ifunguliwe isuguliwe ndani, maana utelezi unaanzia pale. Tumia maji hayo ndani ya siku moja au mbili.

Kuna vitu moto hauvigusi kabisa: chumvi, naitreti, chuma, floridi. Sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida floridi inatoka kwenye miamba, hasa ya volkano, ndiyo yale meno ya kahawia na, kwa wanaokunywa miaka mingi, mifupa kupinda. Ukiwa na maji yenye floridi miligramu 3 kwa lita, ukachemsha lita 10 zikabaki 8, umeyafikisha 3.75. Chujio la mshumaa halisaidii. Mkaa wa mifupa ya wanyama, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa muda mrefu, unaondoa floridi vizuri mpaka utakapojaa, na siku ukijaa hakuna ladha wala rangi ya kukujulisha, lazima upime. Maji ya mvua karibu hayana floridi. Kwa hiyo bati safi, mfereji na tangi, ukimwaga mvua ya mwanzo inayoosha paa, ni suluhisho la bei nafuu kuliko chupa. Na kama maji hayatoshi nyumba nzima, yaliyo salama wapewe kwanza watoto wa chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka. Magadi kwenye maharage nayo yapunguze, yana floridi ya kutosha.

Klorini kwa kipimo

Kidonge cha miligramu 67, kama Aquatabs, ni cha lita 20 za maji angavu. Maji yakiwa na utusitusi weka viwili. Koroga, funika, subiri dakika 30.

Huna vidonge, tumia dawa ya kung'arishia nguo isiyo na harufu ya kunukia wala sabuni ndani yake. Soma asilimia. Yenye hypokloraiti ya asilimia 3.5, vuta mililita 1 kwa bomba la sindano la duka la dawa (lisilo na sindano) kwa ndoo ya lita 20 ya maji angavu. Mililita 2 kama yana utusitusi baada ya kuchujwa. Usikadirie kwa kifuniko, kifuniko kimoja kinaweza kuwa mara kumi ya kinachotakiwa. Angalia tarehe na mahali ilipokaa: chupa iliyofunguliwa miezi sita iliyopita ikakaa dirishani imepoteza nguvu, na utadhani umetibu. Baada ya nusu saa lazima usikie harufu ya klorini kwa mbali. Usipoisikia kabisa, rudia kipimo kile kile mara moja na subiri tena. Usipoisikia tena, maji hayo ni machafu kupita uwezo wa dawa, yachemshe.

Ladha isipowapendeza, baada ya ile nusu saa, si kabla, mimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara tatu nne.

Faida ya klorini juu ya kuchemsha ni kwamba inabaki ndani ya maji na kulinda dhidi ya mkono mchafu wa kesho. Udhaifu wake ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho hakiiogopi. Mwenye kinga dhaifu ya mwili na mtoto mchanga wachemshiwe.

Chujio la mshumaa wa udongo linaondoa tope na bakteria wengi, virusi vinapita. Linafaa likifuatiwa na klorini. Mshumaa usugue kwa brashi laini chini ya maji, bila sabuni, kwa sababu udongo unainywa sabuni na kuitoa kwenye maji wiki nzima. Ukiona ufa, hata kama uzi, tupa. Mashine ya RO ya nyumbani ni kwa ajili ya chumvi, floridi na naitreti, basi. Kuinunua kwa maji ya Ruvu ni kulipia kazi ambayo haipo, na nyingi zinamwaga lita mbili au tatu kwenye bomba la taka kwa kila lita moja unayokunywa. Ukishaifunga, vichujio vya mwanzo vibadilishwe kila miezi sita au vitaua ule utando wa gharama.

Simtanki

Hapa ndipo maji mazuri yanapofia. Kila miezi sita, na mara moja baada ya kuingiza maji ya boza: toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi ya mpini mrefu, suuza na umwage tope kwa bomba la chini. Jaza maji, weka klorini ya miligramu 50 kwa lita. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni gramu 77 za klorini ya unga ya asilimia 65, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji (unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga), au kama lita 1.4 za ile dawa ya asilimia 3.5. Fungua koki zote za ndani mpaka zinuke klorini, funga, acha saa chache au usiku. Mwaga yote, suuza, jaza upya. Mtu asiingie ndani ya tangi lenye dawa.

Mfuniko usiobana na wavu uliochanika kwenye bomba la kufurikia ni mlango wa mende, mijusi na mbu. Tangi jeupe linalopitisha mwanga linaota mwani, na hakuna dawa itakayoumaliza mpaka tangi ulitie kivuli.

Pale ambapo chupa inastahili pesa yake

Safarini, kwanza kabisa. Kwenye basi la Mwanza huna jiko. Kwenye mafuriko au mlipuko wa kipindupindu, siku za mwanzo kabla hujapanga utaratibu wa nyumbani. Kwenye maeneo ya floridi au chumvi kama huna mvua wala mashine. Na kwenye nyumba yenye harufu ya choo bombani, mpaka mafundi wamalize.

Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, chupa si dawa ya mkato. Maji ya chupa hayana uhakika wa kutokuwa na kijidudu. Yachemshe vilevile, na changanya maziwa maji yakiwa bado juu ya nyuzi 70, yaani ndani ya nusu saa tangu yachemke, kisha yapoze. Kama ni maji ya madini, sodiamu isizidi miligramu 200 kwa lita na salfeti isizidi 250. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya tu hahitaji maji yoyote, ya chupa wala ya bomba.

Wasomaji walioko London au Berlin wanafungua koki na kunywa, na chupa huko ni suala la ladha tu. Huko huko Uingereza, Machi 2004, Coca-Cola iliondoa sokoni maji ya Dasani, chupa kama nusu milioni, baada ya kukutwa na bromati, kemikali yenye madhara, kupita kiwango. Yalikuwa maji ya bomba ya Sidcup yaliyosafishwa, yakaongezewa chumvi ya kalsiamu yenye bromidi, na ozoni ikaigeuza bromidi hiyo kuwa bromati. Kasoro iliingia kiwandani.

Kuchagua chupa na dumu

Tafuta alama ya TBS, jina na mahali pa kiwanda, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho. Kwa Kenya ni alama ya KEBS. Stempu ya TRA ikaguliwe kwa programu ya Hakiki Stempu. Ni ya kodi, haipimi maji, lakini anayejaza chupa uani kwake kwa kawaida hana. Ile plastiki laini iliyokuwa inafunika kifuniko ilipigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo kukosekana kwake si dalili ya bidhaa bandia. Angalia pete iliyo chini ya kifuniko: vile viunganishi vidogo viwe vizima vyote, na ukifungua visikike vikikatika. Pindua chupa uibane. Ikidondosha hata tone, rudisha. Lebo iliyokunjamana au yenye mikwaruzo ya zamani kwenye chupa inayodaiwa ni mpya, achana nayo.

Usinunue katoni iliyopangwa juani mbele ya duka. Joto linaharibu ladha na kufanya plastiki itoe vitu kwenye maji kwa kasi zaidi. Chupa tupu iponde kabla ya kuitupa, isije ikarudi kwako imejazwa.

Dumu la lita 18.9: kagua chini kwa mwanga, utelezi wa kijani au mikwaruzo mingi ni sababu ya kulikataa. Kifuniko kiwe kipya na kimebana. Ukilifungua, limalize ndani ya wiki mbili, mbali na dirisha. Kabla ya kulipachika kwenye dispensa futa shingo yake kwa spiriti, kwa sababu shingo hiyo ndiyo inayozama kwenye maji, nayo imeguswa na kila mbeba mizigo tangu kiwandani.

Dispensa yenyewe ndiyo inayosahaulika, na mara nyingi ndiyo inayougeuza mzigo wa maji safi kuwa maji ya kuharisha. Kila mwezi na nusu: chomoa umeme, iache ipoe, toa maji yote kwa koki na kwa kizibo cha nyuma. Changanya lita 5 za maji na kijiko kikubwa kimoja cha ile dawa ya asilimia 3.5, mimina kwenye tangi la juu, sugua kuta zake kwa brashi safi, acha dakika kumi, usizidishe maana chuma cha ndani kinaliwa. Toa kwa koki zote, suuza kwa maji safi mara nne mpaka harufu iishe. Koki zenyewe zisugue kwa mswaki kwa ndani, juu kabisa, mahali kidole hakifiki.